Mama X wa Ujiji

Mhadhiri wetu wa ujasiriamali hakupenda kusomesha kwa noti. Alitugawia visa vya kweli, tukavijadili kwa makundi, kisha kila kundi likasimama kutoa hukumu yake. Nililipenda somo lake kuliko yote, mpaka siku alipotuletea kisa cha Mama X.

Mama X alikuwa muuza dagaa wa Ujiji. Alikuwa na magunia ya dagaa wakavu yanayosubiri gari, mumewe akafariki, naye akaagiza magunia yafunguliwe wapikiwe waombolezaji. Biashara haikuinuka tena. Swali likawa: Mama X alikosea wapi? Tulikisoma kwa Kiingereza, tukakicheka kwa Kiswahili.

Mimi sikucheka. Magunia yale niliyafungua kwa mikono yangu. Na mama alikuwa ameshanisimulia kwamba mwalimu mmoja wa chuo alifika nyumbani, akakaribishwa ugali kwa migebuka wa ziwani, akamhoji kwa upole; sasa nikajua ni mhadhiri wetu huyuhuyu. Tangu hapo mama alitamba kwa majirani kuwa habari zake zitafundisha watu.

Kundi la kwanza lilisema hakutenganisha mtaji na familia. La pili likasema aliendekeza mila. Msemaji wa tatu, mtanashati mmoja ambaye hakosi ubwabwa wa msiba mtaani Kasingirima hata kama marehemu hamjui, akasema Mama X angewauzia waombolezaji kwa bei ya jumla. Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri akatabasamu, akaliandika jibu hilo ubaoni.

Nikanyoosha mkono.

"Aliyefariki ni baba yangu," nikasema. "Na huyo Mama X ndiye aliyenizaa."

Mhadhiri akakohoa kidogo.

"Asante kwa mchango wako," akasema. "Ila tujitahidi kuweka hisia pembeni. Kundi la nne?"

Mchango! Kwetu mtu akifiwa, mchango ni mchele, ni kuni, ni dagaa. Yeye alikuwa anahesabu maneno yangu kama alama za ushiriki. Nilimchukia palepale, na sijaacha.

Jioni nilimkuta mama uani anachambua matembele. Nikamwambia kisa chake kimesomwa. Akajifuta mikono kwenye kanga, uso umemchangamka.

"Enhe, wanasemaje?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nikamweleza yote, hata lile la kuwauzia waombolezaji. Hakukasirika. Alisema vijana wana maneno, wakikua wataacha.

"Na wewe uliwaambia marehemu ni baba yako?"

"Niliwaambia."

"Wakakupa pole?"

"Hapana, mama."

Alinitazama kama aliyesikia vibaya. "Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

"Hata huyo aliyekula hapa?"

"Hata yeye."

Ndipo mama alipolia, yeye ambaye siku tuliyomzika baba alikuwa akiulizia tu kama wageni wameshiba.