Jino Moja la Shangazi

Ijulikane kwa wote, wenye mashamba na wasio na hata kopo la maua, wenye akili na waliochaguliwa kuongoza, kwamba Shangazi amenunua ripa. Aliyevaa kofia aivue. Mwenye kikohozi akakohoe mbali.

Kwa asiyejua, ripa ni chuma cha kufunga nyuma ya trekta. Lina jino refu linalozama chini kabisa, kule jembe lisikofika, likapasua udongo ulioshikamana bila kuupindua. Na kwa asiyemjua Shangazi, bahati yake huyo. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka nenda rudi, na hadi leo akikohoa sokoni, wanawake wazima wenye wajukuu wanatafuta kitanda cha kutandika. Wenzake walipostaafu walinunua makochi. Yeye alinunua trekta kuukuu, dogo mpaka ukilitazama kwa mbele unamwona dereva kwanza. Vijana wakaliita Kifaranga. Shangazi akalikubali jina, akawaambia kifaranga hukua, wao je?

Shida ilikuwa shamba. Lilikuwa la wazazi, mali ya ndugu wote. Juu lilikuwa na udongo mweusi, mzuri, wa kumlaghai bwana shamba. Shubiri moja chini yake, sakafu. Kulimwa kwa kina kilekile mwaka baada ya mwaka, na kukanyagwa na ng'ombe na malori ya mavuno, kulikuwa kumelipiga lipu kwa ndani. Mvua ikinyesha, maji yalikaa juu kuwasubiri vyura. Mizizi ya mahindi ilishuka, ikagonga, ikakata kona kama mtu aliyemwona mama mkwe njiani. Hindi lenyewe lilitoka na mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kaka yake mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuketi kwenye kikao bila kukiongoza, harusi za watu baki zikiwemo, alikuwa amempata mfyatua matofali wa kulinunua shamba. Akaitisha kikao, akakifungua, akajipongeza, akatangaza kwamba shamba limechoka. Shangazi akauliza limechokea wapi, juu au chini. Hakuna aliyejua. Baada ya ubishi wa kutosha kuchosha mashamba mengine mawili, wakampa msimu mmoja. Likizaa, libaki, lisipozaa, matofali. Wengine walidhani wanabishania mahindi. Yeye alijua kuwa hapo ndipo mama yao alipolima akiwa amembeba mgongoni, na hakuwa tayari kumwona mama yake akipelekwa tanuruni akawe matofali ya choo cha watu.

Basi akachukua nondo nyembamba, akazunguka shamba lote akiichomeka ardhini kama muuguzi anayetafuta mshipa. Nondo inashuka vizuri, inakwama, anaikandamiza kwa uzito wote wa kustaafu kwake, halafu ghafla inapenya tena. Ilipopenya ndipo alipoifunga uzi mwekundu, sawa na uso wa ardhi. Aliwaambia waliokuwa wakimcheka barabarani kwamba jino linalomfaa ni la kwenda chini ya hapo kwa vidole viwili tu, hana ndugu kuzimu wa kuwatembelea.

Dukani Mwenyekiti alifuatana naye bila kualikwa, ili mwanamke asidanganywe. Akadanganyika yeye, tena mlangoni. Pale palisimama ripa la meno matatu, jekundu, linang'aa kama bwana harusi. Muuzaji akalisifu, Mwenyekiti akalisifu kumshinda muuzaji.

"Dada, chukua hili. Ukienda na jino moja watu watadhani ukoo umefilisika."

"Kaka, unachagua chuma au unachagua mke?"

Muuzaji alikuwa mtu wa haki, kadiri kamisheni inavyoruhusu. Akakubali lijaribiwe kwenye uwanja wa nyuma. Likafungwa, Shangazi akapanda, akavuta wenzo wa kulinyanyua. Ripa halikunyanyuka. Aliyenyanyuka ni Kifaranga, magurudumu ya mbele hewani, taa zikitazama mawingu kama muumini aliyejibiwa. Shangazi alibaki hukohuko juu, mkoba mapajani, akamwambia muuzaji kwa upole amfungulie huyo bwana harusi, waende wakatazame lile lingine.

Lile lingine lilikuwa nyuma ya mlango, limetundikwa koti la mlinzi. Jino moja, jembamba, limepinda mbele kidogo, na ncha yake imevishwa kipande cha chuma kama kiatu. Akaisimamisha nondo ubavuni mwake, uzi ukilingana na mwanzo wa jino juu. Jino likaizidi nondo kwa vidole viwili. Muuzaji akamwonyesha na bolti moja ambayo hukatika yenyewe jino likigonga jiwe, ili kisivunjike kitu kingine chochote. Shangazi akasema kila ndoa ingefungwa na bolti ya namna hiyo, akachukua na za akiba. Kifaranga akalinyanyua jino kama mtu anayepandisha suruali.

Likabaki suala la lini. Watu wote pale hulima mvua ikishalainisha ardhi, na Mwenyekiti akaagiza, kwa niaba ya mababu ambao hawakuwepo kujitetea, kwamba wasubiri. Shangazi akakataa. Alikuwa amewagawia wasichana sabuni za mche maisha yake yote. Mche mbichi ukiupitisha kisu, unakatika na kushikana tena. Ulioachwa ukakauka, unapasuka hadi pembeni. Udongo nao aliuona hivyohivyo. Akatoka jua likiwaka, ardhi kavu kama kigae, na watu wakajipanga ukingoni waone kichekesho. Hata mfyatua matofali alikuja, na kamba yake ya kupimia.

Hakufika mbali. Pakalia ta! na Kifaranga akachomoka mbele akiwa mwepesi, jino limelala nyuma. Ukingoni wakashangilia. Mwenyekiti akafumba macho kwa huzuni ya mtu aliyeshinda. Shangazi akashuka, akachimbua jiwe la ukubwa wa kichwa, akalibeba hadi miguuni pa kaka yake akaliweka hapo, akatia bolti nyingine, akapanda.

Kisha ikawa. Gia nzito, mwendo wa konokono, moshi mweusi, na jino likazama lote. Ardhi ikainuka taratibu kama blanketi la mtu anayejigeuza usingizini, ikapasuka huku na huku, nyufa zikikimbia kila upande. Waliosimama ukingoni walisikia mngurumo kwenye nyayo. Waliokuwa wakicheka wakasahau kurudisha midomo mahali pake. Shangazi, wima kama siku ya ukaguzi wa vitanda, akafika mwisho, akageuza, akarudi, mstari baada ya mstari, hadi shamba lote likaisha. Akashuka na nondo yake, akaichomeka. Ilizama moja kwa moja hadi ngumi yake ikagusa udongo. Akacheka kwa sauti, kicheko ambacho wasichana wake wa zamani wanaapa hawakuwahi kukisikia.

Mvua ilipokuja, vyura walihamia kwa majirani. Shamba la Shangazi lilikunywa yote na kutazama juu kuuliza kama kuna nyingine. Jua kali likapiga katikati ya msimu, mahindi ya wengine yakajikunja kama sigara. Yake hayakuwa na habari. Siku ya mavuno magunia yalijaa ghala, yakajaa jikoni, mengine yakakaribishwa sebuleni yakakalia viti vya wageni. Mfyatua matofali akaja kwa adabu zote kuuliza kama Kifaranga anakodishwa, maana mkewe ana kishamba kimekuwa kigumu.

Mwenyekiti akaitisha kikao palepale shambani, mabua yakiwa yameshaondolewa. Akaingia na gari lake hadi katikati, akasimama mbele yake, akahutubia. Alieleza jinsi yeye na ukoo walivyoliamini jino moja tangu siku ya kwanza. Akatangaza kwamba shamba haliuzwi, leo, kesho, wala akiwa amekufa. Vigelegele vikapaa. Ndipo akamwomba dada yake, simba jike, fahari ya ukoo, atamke neno moja la kubaki kwa vizazi.

Shangazi akasogea mbele.

"Kaka, umeegesha juu ya udongo wangu," alisema. "Litoe hilo gari, linaukandamiza."