Boga Lililozama

Sokoni Gudele ukimtafuta Harriet, ulizia Mama Pearl, yule Mganda wa maboga. Ni mwaka wa tisa anauza maboga Juba, na maswali ni yale yale: limeiva? Ganda linaliwa? Litakaa siku ngapi? Yeye huligonga kwa kidole, akasikiliza, akajibu, wala habembelezi mtu. Chema chajiuza, husema, kibaya chajitembeza.

Kwa hiyo Kerubo alipomwita hotelini, alikwenda bila wasiwasi. Kerubo, Mkenya wa Kisii, ndiye mpishi mkuu pale, na kila boga la jikoni kwake hutoka kwa Harriet. Asubuhi hiyo alikuwa ametumbukiza maboga manane kwenye tangi la maji, vile mama yake alivyomfunza kupima mayai: zima huzama, viza huelea. Basi saba yalikuwa yakielea, moja tu limelala chini.

Mbele ya wapishi wote Kerubo akasema malenge haya ni viza, na kesho atatafuta muuzaji mwingine. Harriet uso ukamwaka. Neno kama hilo likifika sokoni, nani atamnunulia tena? Lakini mali yake aliijua.

"Madamu, boga hapana yai," alisema. "Ndani yake iko hewa. Hiyo ndiyo inabeba yeye. Leta kisu."

Akapasua moja lililoelea: nyama ya manjano, kavu, na katikati uwazi wa kuingia ngumi. Akapasua la pili, hali ni ile ile. Kerubo, ambaye kushindwa hakumwingii upesi, akasema basi atapika lile lililozama, maana angalau lina uzito.

Harriet angeweza kunyamaza akaenda zake. Akaliopoa mwenyewe, akalipasua, na maji yanayonuka yakamwagikia viatu. Mvua ya njiani ilikuwa imeingia kwenye tundu karibu na kikonyo.

"Hii ndiyo mbaya, na mimi ndiyo nimeleta," alisema. "Hii moja mimi hakugonga. Kalas, imekwisha."

Kerubo akamwambia alete mengine Jumatatu.

Jumatatu Harriet alileta tisa, moja la kufidia lile bovu. Akakuta tangi limekwisha kujazwa maji. Safari hii kila lililoelea Kerubo alilipeleka jikoni, na yote tisa yakaingia.