Mshono wa Wima

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilijiona fundi kamili. Nasema hivyo bila haya, maana sijaona kijana wa mtaa wetu wa Panda aliyeshika mashine ya kulehemu asiugue ugonjwa huo. Nilikuwa mwanagenzi katika karakana ya kampuni ya shaba, mwaka wangu wa pili, na mishono yangu ya chuma ilipendeza macho. Ilikuwa na mawimbi madogo yaliyolingana kama mistari ya nywele zilizosukwa. Wenzangu waliacha kazi zao kuja kuitazama, nami nilijifanya sijawaona.

Mwisho wa mwaka huo nilikuwa na jaribio la ufundi. Mtu alipewa mabamba mawili mazito, akayalehemu yakiwa yamesimama wima, kutoka chini kwenda juu, kisha mshono ulikatwa vipande na kukunjwa kwa mashine. Ukikunjika bila kupasuka, umekuwa fundi. Ukipasuka, unarudi baada ya miezi sita. Ukipasuka mara ya pili unatolewa karakana na kutiwa kwenye kikosi cha kubeba na kupakia mawe, na sikumjua hata mmoja aliyewahi kurudi kutoka huko. Baba yangu alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe tangu kabla sijazaliwa, na vumbi la chokaa lilikuwa limemwingia mpaka kwenye kope. Siku aliponisindikiza karakana mara ya kwanza aliniambia jambo moja tu, kwamba asije akaniona kwenye mawe. Kwa hiyo nilijua vizuri ninachokipigania.

Fundi mkuu wetu alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Tulimwita Muzee, na akigeuza mgongo tulimwita majina mengine. Mimi sikumpenda. Kwa mtu wa chuma, alikuwa na masharti ya ajabu. Asubuhi alituuliza kama tumelala vizuri, kama tumekula, kama tumetoka nyumbani kwa amani. Aliyefika na tumbo tupu alipewa bukari, yaani ugali, baridi kutoka kwenye sahani ya Muzee mwenyewe, na hakugusa mashine mpaka amalize. Aliyelewa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, Jumapili alishika ufagio Jumatatu nzima. Muzee hakumkasirikia. Alimtazama tu na kusema, "Mukono yako iko bado ku nganda," yaani mkono wake haujatoka baa, na sote tulicheka isipokuwa mwenye mkono.

Sharti lililonichoma zaidi lilikuwa la jioni. Kabla ya king'ora, kila mwanagenzi alimpelekea ule mshono wake mbaya kuliko yote ya siku ile. Mzuri hakuutaka. Aliubana kwenye jiliwa, akaukata kwa msumeno, akatuonyesha mbele ya wote kilichokuwa ndani: kitundu cha hewa, au punje nyeusi ya mavi ya chuma, yale makapi yanayoganda juu ya mshono. Usipoyagonga na kuyasugua kabla ya kupitisha mshono mwingine juu yake, yanabaki humo. Niliona ni kudhalilishwa bure, nikaanza kumdanganya. Nilichukua mshono wangu wa kawaida, nikauharibu kidogo pembeni makusudi, nikampelekea huo. Ndani ulikuwa safi. Aliutazama, akanirudishia, nami nikadhani nimemweza.

Jaribio la kwanza liliangukia Jumamosi. Miaka ile Jumamosi asubuhi ilikuwa ya salongo, kazi ya lazima kwa wote, kuzibua mitaro na kufyeka majani, baada ya kuimba na kucheza mbele ya bendera. Ijumaa Muzee aliniita pembeni. Alinieleza kwamba mkono uliochoka haujui kudanganya, kwa hiyo kesho niache koleo, nichukue ufagio, nikae nyuma ya watu. Niliitikia kwa heshima zote.

Asubuhi ile nilimwona mkaguzi wa jaribio amesimama ukingoni mwa mtaro, abakosti yake ya kijivu, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi vizuri. Akili yangu ya miaka kumi na tisa ikaniambia kwamba mtu huyo ndiye atakayehukumu kazi yangu baada ya saa chache, basi aanze kunijua sasa. Niliacha ufagio nikatafuta koleo kubwa kuliko yote. Nilichota tope kwa saa mbili bila kupumzika, na nyimbo za kusifu nchi niliimba mimi kwa sauti ya juu kupita wote. Mkaguzi alinitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilirudi karakana nimevimba kifua.

Niliposhusha barakoa na kuwasha moto, mkono ulianza kutetemeka. Si hofu, ni lile koleo. Mshono wa kwanza kabisa, ule wa chini unaobeba mingine yote, ulikwenda upogo, na nilijua kwamba mavi ya chuma yamebaki ndani. Niligonga mara mbili tatu kwa nyundo, nikaona muda unakwenda, nikafanya kile nilichokijua kuliko kingine chochote. Niliufunika. Mshono wa juu ulitoka mzuri hata mkaguzi akausifu kabla ya kuuweka kwenye mashine. Mashine ilisukuma, na chuma kikafunguka kutoka ndani kwa ulaini, kama ganda la njugu. Ulionekana mstari mweusi wenye urefu wa kidole. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Siku mbili nzima niliilaumu salongo, nikalaumu vijiti vya kulehemu kwamba vina unyevu, nikamlaumu mkaguzi kwa kutokumbuka bidii yangu ya mtaroni. Jumatatu nilimkuta Muzee amekwisha kufika. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

"Weye unatumika juu ya macho ya bantu," aliniambia. "Minye niko na lazima ya ile ya mu ndani."

Yaani nafanya kazi kwa ajili ya macho ya watu, na yeye anachohitaji ni kilicho ndani. Kisha akaniomba, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, nimletee jioni ile mshono wangu mbaya wa kweli. Alikuwa amejua tangu mwanzo. Niliona uso unawaka, nikaenda kujificha nyuma ya mitungi ya gesi mpaka ulipopoa.

Jioni nilimpelekea mshono mbaya wa kweli, na alipoukata mbele ya wenzangu nilitamani ardhi inimeze. Siku ya pili niliona aibu kidogo tu. Kufikia wiki ya tatu nilianza kuutafuta mwenyewe tangu asubuhi, nikijiuliza ni upi kati ya hii utakaokatwa leo na kwa nini. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, karibu miaka miwili baada ya kuingia karakana.

Muzee alinisimamisha mbele ya bamba, mashine imezimwa, kijiti baridi mkononi, nikafuata mstari wa chaki kutoka chini hadi juu huku nikitoa pumzi taratibu. Nusu saa kila siku kabla ya kuwasha moto. Wenzangu walipita wakiniuliza kwa kejeli kama bamba limeshika. Nililala mama alipozima taa. Nilikula bukari na samaki kabla ya kutoka nyumbani, hata siku nisizosikia njaa. Jumapili rafiki zangu walipokwenda kunywa, nilikaa nao nikinywa munkoyo, kinywaji cha mahindi kisicholevya, nikaondoka mapema, nao wakanipa jina la Padri, ambalo lilinifuata miaka mingi hata baada ya kuoa. Jumamosi kwenye salongo nilishika ufagio. Niligundua kwamba hakuna aliyekuwa akinitazama. Iliniuma kidogo, halafu ikanipumzisha sana.

Mkono ulitulia. Watu wanadhani utulivu wa mkono ni kipaji, na mimi niliwahi kudhani hivyo kwa sababu nilipenda kuitwa mwenye kipaji. Sasa nasema kwa kinywa kipana: ni usingizi, ni chakula, ni pumzi, na ni kukubali kutazama ubaya wako kila jioni bila kujichukia. Mishono yangu ilipungua uzuri wa juu na mimi sikujali.

Jaribio la pili lilisimamiwa na mkaguzi yuleyule. Safari hii mkono haukutetemeka. Mshono wa chini ulikaa safi, nikaugonga, nikausugua, nikaanza wa pili. Moto wa kulehemu ukienda vizuri unasikika kama mafuta yanayokaanga samaki wadogo. Katikati ya bamba sauti ilibadilika, mara moja tu, kwa muda wa pumzi moja, kisha ikarudi. Niliinua barakoa. Juu hapakuonekana kitu. Ningepitisha mshono wa tatu pasingekuwa na jicho lolote duniani lenye uwezo wa kujua, na pengine mashine nayo isingejua.

Muda uliobaki haukufika nusu. Nilimfikiria baba na kope zake. Kama nikikata, huenda nisimalize, na kutomaliza ni kushindwa. Nisipokata, huenda nikapita. Nilisimama pale kwa muda ulioonekana mrefu sana, nikiwa na hasira na sikio langu kwa kusikia. Kisha nilichukua patasi na nyundo, nikaanza kukata mshono wangu mwenyewe.

Mkaguzi alikuja mbio aliposikia nyundo, akitaka kujua kwa nini ninakata.

"Sasa unakata juu ya nini?"

"Iko mubaya mu ndani, Shefu."

Aliinama akatazama. "Nani aliona?"

"Minye."

Alirudi kwenye kiti chake. Niliendelea kukata mpaka nikaikuta, punje nyeusi isiyozidi mbegu ya mtama. Niliitoa, nikasugua, nikalehemu upya pale, nikapanda juu. King'ora kililia nikiwa nimebakiza upana wa kiganja bila mshono wa mwisho. Niliweka kijiti chini. Mkono ulikuwa bado umetulia, na hilo liliniliwaza zaidi kuliko nilivyotarajia.

Mkaguzi angeweza kuniandika nimeshindwa palepale, na nisingekuwa na la kusema. Badala yake alichukua chaki, akachora alama pale hasa nilipokata na kulehemu upya, akaamuru kipande kitolewe hapo. Kikawekwa kwenye mashine. Kikakunjika kama mkono unavyokunjika kwenye kiwiko, na hakikupasuka. Akaomba cha pili, nacho hakikupasuka. Aliandika kwamba nafaa kuwa fundi, na chini yake akaandika kwamba ni mzito wa kumaliza kazi. Baba aliposomewa karatasi ile alicheka kwa hayo maneno ya mwisho, akaomba asomewe tena.

Muzee hakunipongeza. Wiki iliyofuata alinichukua Shituru, kwenye kiwanda cha kusafisha shaba, ambako walikuwa wakiweka daraja jipya la chuma juu ya matangi, lile ambalo wanaume wa zamu hupita juu yake siku nzima wakikagua shaba. Chini yake kuna maji ya buluu yaliyojaa asidi, na mvuke wake unakuna koo. Alinionyesha nguzo, mishono yote ya wima, akaniachia kazi kwa siku tatu bila kuja kutazama hata mara moja.

Desturi ya mafundi wetu ilikuwa kwamba aliyelehemu daraja ndiye anayelipita wa kwanza, kuijaribu kazi yake kwa uzito wake mwenyewe, wengine wote wakimtazama. Siku ya tatu nilivua glavu, nikaelekea kwenye ngazi. Watu wa zamu walikuwa wamekusanyika, yapata ishirini. Muzee alinizuia kwa kiganja kifuani, akachukua mfuko wake mzito wa zana, akautia begani, akapanda yeye. Alitembea polepole mpaka katikati. Hapo alisimama juu ya kazi yangu, juu ya asidi, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati kama mtu aliye sebuleni kwake. Akamaliza kuvuka, akageuka kwa wale wanaume.

"Mupite," aliwaambia. "Ni ya huyu fundi."

Walipita mmoja mmoja. Nilishusha barakoa usoni, ingawa hapakuwa na moto wowote, nikalia humo ndani mpaka wa mwisho wao alipofika ng'ambo.