Matairi ya Mbugani: Kutoka Zagayu Hadi Bariadi

Nilikwenda Bariadi kutafuta matairi manne. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa la zahanati yetu ya Zagayu, gari zito linalosukuma kwa magurudumu yote. Wiki iliyotangulia lilizama mbugani, kwenye bonde la udongo mweusi, nikiwa nimembeba Kabula, aliyekuwa na uchungu wa kujifungua. Matairi yalikuwa vipara, yakazunguka palepale. Ng'ombe walipoletwa kutuvuta, mtoto alikuwa ameshazaliwa garini, na hakulia. Kabula tulimfikisha hospitali mjini Bariadi, akalazwa.

Siku ya kufuata matairi, saa moja asubuhi, nilimpitia mumewe, Masunga. Kabula alikuwa ameruhusiwa, naye alikuwa anakwenda kumchukua.

"Mwangaluka," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Akapanda, akafunga mlango.

Mvua ilikuwa imepumzika siku tatu. Tulivuka mbuga kwa kubembeleza, nikifuata majani pembeni mwa njia. Huku na huku watu walikuwa wakipalilia pamba. Mmoja alitupungia mkono.

Bariadi tuliingia saa nne. Athumani, muuza matairi, ana duka lake karibu na soko na huyafunga garini mwenyewe. Nilishika tairi pana linalong'aa, nikidhani upana ndio nguvu.

"Hilo liache, kaka," alisema. "Linafaa mchangani. Udongo wenu mweusi unateleza juu, chini kuna pagumu. Tairi pana litaelea. Chukua jembamba, likate tope mpaka likute pagumu."

Akanionyesha mengine, yenye meno marefu yaliyoachana hata vidole viwili vinapita. Tope lisipopata pa kutokea, alisema, linajaa kati ya meno na tairi linakuwa kipara tena. Moja alilirudisha mwenyewe; lilikuwa na nyufa nyembamba karibu na rimu. Limezeeka likiwa dukani, alisema.

Masunga alikuwa amesimama mlangoni. "Haya yalikuwepo hapa siku zote?"

"Tangu kiangazi," alijibu Athumani, asijue anamjibu nani.

Masunga akanitazama. Ningeweza kunyamaza.

"Nesi wa zahanati aliniuliza mara mbili kiangazi kile," nilimwambia. "Alitaka nije kutafuta mengine. Nikamwambia bado yanafaa."

Alitoka nje, akakaa juu ya rimu kuukuu akiangalia barabara. Sikumfuata.

Tulipandisha gari kwa jeki, tukaweka mawe kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Athumani alitoa upepo, akabandua tairi la zamani kwa mitaimbo, akasugua kutu kwenye rimu kwa brashi ya waya. Ukingo wa tairi jipya aliupaka maji ya sabuni. Upepo ulipoingia, likakaa kwenye rimu kwa mlio mzito. Tukiwa kwenye la pili, Masunga alirudi, akashika mtaimbo wa upande wangu.

Kosa la tairi la tatu tuliligundua likiwa limeshafungwa garini: mshale wake wa kuonyesha upande wa kuzunguka ulielekea nyuma. Saa nane ilikuwa imepita na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Athumani alisema litatembea tu hivyo hivyo. Nikamwomba alifungue. Tukalianza upya, na nati nikazikaza mwenyewe kwa kupishana.

Saa kumi tulimkuta Kabula kwenye benchi la hospitali, mfuko mapajani. Alipanda nyuma na mumewe. Mvua ilitupata njiani, na tulipofika mbugani tope lilikuwa kama lile la siku ile. Niliingiza gia nzito, nikaacha gari liende taratibu. Matairi yalizama kidogo, yakagusa pagumu, yakatema tope hadi kwenye vioo. Tukatokea ng'ambo.

Siku ile Kabula alikuwa amelala chali. Hakuona chochote isipokuwa paa la gari.

"Pale bado?" aliuliza.

"Tumeshapita," alisema Masunga.

Kabula akageuka, akaangalia kupitia kioo cha nyuma. "Kumbe ni padogo hivyo," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia. Nilisimamisha gari, nikashuka kwenye mvua, nikawaacha peke yao.

Sasa naelewa kuwa tairi la mbugani huchaguliwa kiangazi, njia ikiwa ngumu kama sakafu, wakati ambapo dereva yeyote anaweza kusema bado yanafaa na asikosolewe na mtu.