Kichwa cha Injini Juu ya Meza ya Cherehani

Mtaani walimwita Bwana Kimya, kwa sababu hata akikanyagwa mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi. Kazi yake ilikuwa kupeleka watoto shule kwa vani yake, na vani ilikuwa imechemka mpaka kichwa cha injini kikapasuka. Mwalimu mkuu alishasema waziwazi: Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi vani isipofika, kazi anapewa mwingine. Gereji walitaka wiki nzima. Basi Ijumaa Bwana Kimya akamwambia mkewe, macho yakiwa kwenye vidole vyake vya miguu, "Nitakibadilisha mwenyewe. Hapa hapa uani."

Mkewe, fundi cherehani, aliondoa vitambaa mezani akatandika karatasi ya kaki anayochorea mitindo ya nguo. Kichwa kilipong'olewa, akailaza juu ya karatasi gasketi ya zamani, lile bati jembamba linalozuia maji na oili visikutane, akaichora kwa chaki kama anayekata gauni, tundu kwa tundu. Boliti kumi wakazichomeka kwenye karatasi hiyo, kila moja mahali pake.

Kaka wa mkewe alikuwa amekaa ukutani akitafuna karanga. "Shemeji, hiyo injini au suti?"

"Suti," akajibu Bwana Kimya. "Ya kwako. Ndiyo maana inachukua muda."

Shemeji nusura aanguke. Tangu aoe dada yake, mtu huyu hajawahi kumjibu kitu!

Jumapili mchana kichwa kingine kilikuwa tayari, kimenunuliwa kwa muuza vyuma na kusawazishwa kikawa laini kama sahani. Bwana Kimya akatandika gasketi mpya. Wanaume wawili wakakibeba kichwa kwa shuka, jasho likiwatiririka, wakakikalisha. Boliti zikaingia, zikakazwa kidogo kwa vidole tu. Alikuwa anainua spana mkewe alipopiga ukelele.

"Baba, weka chini!"

"Kuna nini?"

"Tundu dogo la oili. Kwenye karatasi yangu liko kulia. Kwako nimeliona likienda kushoto. Gasketi umeivalisha ndani nje!"

Bwana Kimya akaganda. Angekaza spana mara moja tu, gasketi ingebanwa ikaharibika, na maduka yalikuwa yamefungwa. Oili isingepanda, injini ingejiua kabla ya kufika shuleni. Akakaa chini kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Akaanza kucheka, mkewe naye akacheka, shemeji akapaliwa na karanga.

Wakakiinua tena. Gasketi ilikuwa nzima, haina hata mkunjo. Wakaigeuza, na safari hii mkewe ndiye aliyesimamia ukazaji, akianzia boliti za katikati kuelekea pembeni. "Polepole! Zungusha kidogo, nenda ya pili. Ukivuta upande mmoja itakunjamana kama kola."

Saa kumi alasiri akawasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akawasha tena. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe ukajaa uani, na hakuna aliyethubutu kupumua. Kisha ikashika, ikanguruma. Moshi ukapungua, ukaisha. Sindano ya kipimo cha joto ikapanda hadi katikati, ikatulia pale.

Bwana Kimya akapiga honi. Akapiga tena, ndefu, akawapakia mke, shemeji na majirani tisa, wakazunguka mtaa mara tatu wakishangilia kama waliotoka kushinda kombe. Mzunguko wa nne akasimamisha gari, akampigia mwalimu mkuu.

"Kesho nakuja, Mwalimu."

"Sikusikii! Hizo kelele zote ni za injini?"

"Hapana, hao ni watu. Injini huwezi kuisikia, Mwalimu. Inaenda kama cherehani!"

"Nani anaongea? Si yule dereva wangu mpole?"

"Ndiye!" akapaza sauti mpaka mkewe akaziba masikio. "Saa kumi na mbili kamili!"

"Haya, kazi ni yako. Lakini watoto usiwapigie kelele hivyo."