Kondoo wa Uwanja wa Temeke

Nilipofika Temeke ndoa yangu ilikuwa na miezi miwili. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na tulikuwa tumepata vyumba viwili kwenye safu ya nyumba mpya za bati zilizotazama uwanja. Enzi hizo za Mwingereza Temeke ilikuwa bado na nafasi. Uwanja ule haukuwa wa mtu. Kila mwenye kondoo mtaani aliwafungulia hapo asubuhi, wakachanganyika, na jioni akaja kuwachagua walio wake kwa kitambaa alichowafunga shingoni.

Mume wangu aliondoka na baiskeli alfajiri, akarudi saa kumi na moja. Katikati hapo sikuzungumza na mtu. Majirani walikuwa watu wa pwani, wenyeji wa siku nyingi, na hawakuwa wabaya. Lakini salamu zao zilikuwa ndefu na za haraka. Mimi nikiwa bado najibu ya kwanza, wao walishafika ya tatu. Siku moja bombani nilitamka neno kwa lafudhi ya kwetu Upareni, wasichana wawili wakacheka, wakalirudia kama nilivyolisema. Tangu hapo nikawa nachota maji saa saba mchana, jua linapowaka na bomba halina mtu.

Kwa hiyo nilikaa barazani nikiwatazama kondoo. Nilimjua aliyependa kula peke yake, nikamjua mwizi wa maganda ya mihogo kwenye milango ya watu. Jioni nilimsimulia mume wangu. Mwanzoni alisikiliza. Baadaye aliniuliza kwa upole kama sikuwa na habari nyingine. Sikuwa nayo.

Siku moja baada ya adhuhuri kondoo jike mwenye kitambaa cha kijani alijitenga na wenzake, akalala, akainuka, akalala tena. Nilijua ameshikwa na uchungu. Alipokawia mno nilikwenda kumwangalia. Pua ya mtoto ilikuwa imetokeza, na mguu mmoja tu. Wa pili ulikuwa umekunjika ndani.

Mwenye kondoo alikuwa mama mtu mzima aliyekaa nyumba ya kona, mtaa mzima ukimwita Bibi. Alikuja na jirani yake, fundi seremala, aliyekwisha kushika kisu. Seremala alisema kondoo achinjwe upesi, kwani akifa mwenyewe atakuwa kibudu na nyama yake haitaliwa. Bibi alisimama ameshika tama.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. "Naomba nijaribu mimi kwanza."

Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Marahaba. Unaweza?"

"Kwetu nilikuwa nikifanya. Mkono wangu ni mdogo."

Seremala akasema kwamba nikimchelewesha akafa, hasara ni ya Bibi, si yangu. Bibi akamwambia, "Mpishe."

Niliomba mafuta ya nazi, nikajipaka mpaka kwenye kiwiko, nikapiga magoti kwenye ukoka. Nilikirudisha kichwa ndani taratibu, nikangoja uchungu upite, nikatafuta goti lililokunjika. Nilipoipata kwato niliifunika kwa kiganja isije ikamchana mama yake, nikaivuta mbele. Uchungu uliporudi nilivuta pamoja nao. Mtoto akatoka, akalala kimya. Nilimsafisha pua, nikamsugua kwa majani, nikampulizia. Akapiga chafya.

Bibi alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Seremala alifuta kisu chake, ingawa hakikuwa na kitu, akarudi kazini. Mimi nilikuwa nalia. Bibi alidhani ni furaha, nami sikumsahihisha. Ile harufu ilikuwa ya nyumba ya mama yangu, ambako kondoo walilala nyuma ya meko.

Baada ya hapo nikajulikana. Watu walibisha hodi: "Mke wa karani, kondoo wetu ameshikwa." Nilikwenda, nikapiga magoti, nikanawa, nikapewa chai na shukrani za kweli, nikarudi nyumbani. Nyumba moja, ya tatu kutoka yetu, niliwazalishia kondoo pacha. Mwaka huohuo wakamwoza binti yao. Siku ya harusi nilivaa kanga mpya tangu mchana, nikakaa kitini na mlango wazi, nikifikiri labda wamesahau na watamtuma mtu. Nilizisikia nyimbo za wanawake alasiri yote. Jua lilipokuwa linatua nilizivua zile kanga, nikazikunja. Sidhani walinidharau. Haikuwajia tu. Sikuwa ndugu yao, na dini yetu haikuwa moja.

Kisha wakaja wapima ardhi na vigingi vyao. Tukaambiwa uwanja utajengwa na wanyama waondolewe. Baadhi ya kondoo waliuzwa, wengine wakachinjwa, na baada ya wiki chache hapakuwa na wa kubisha hodi kwangu.

Bibi aliamua kuwapeleka wake shambani kwa kaka yake, Mbagala, naye akae hukohuko. Alikuja kuniaga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwangu. Alikataa kiti, akakaa mkekani, akatazama kuta.

"Mwanangu," akasema, "mwaka wa tatu huu sie tunakuita mke wa karani. Jina lako wewe nani?"

Nikamtajia. Akalisema vibaya, nikamrekebisha, akalisema vizuri.

"Ilikuwa nikuulize siku ileile," akasema. Aliniomba nimtembelee Mbagala, nikaahidi.

Mbagala si mbali na Temeke. Mtu anafika kwa miguu. Lakini wiki ya kwanza nilikuwa na nguo za kufua, ya pili mvua ilinyesha, na nyingine sikumbuki hata ilikuwa na nini. Labda niliogopa kufika nikakuta ndugu zake wamejaa uani, nikasimama mlangoni nisijue la kusema. Mume wangu akahamishiwa Tabora kabla sijakwenda.

Treni iliondoka mchana. Hakuna jirani aliyekuja stesheni, wala sikuwa nimemwambia yeyote siku ya safari.