Mke wangu alifundishwa inhibitor na mkimbizi, na mpaka leo roho inaniuma

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, wa mjini na wa porini kama sisi.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Majina tu nimebadilisha, maana mashemeji zangu wamo humu ndani na wanapenda sana umbea.

Jumapili iliyopita binti yetu Neema, yuko chuo mwaka wa pili, alituma picha ya swali kwenye simu yangu. Swali la enzyme. Wamempa speed, Vmax na Km, wamemwekea na inhibitor, yaani kizuizi, juu yake, halafu wanamwambia atafute substrate concentration. Akasema baba nisaidie, kesho nina test.

Mimi ndiye mtu wa maabara hapa nyumbani. Nimepima damu na choo za watu wa Biharamulo mpaka mvi zimeota. Nikavaa miwani, nikaanza kukuna kichwa.

Mama yake anauza vitenge. Hajashika kitabu cha sayansi tangu kabla Neema hajazaliwa. Akachukua simu mkononi mwangu taratibu, akampigia mtoto, akamwambia: "Sikiliza mwanangu. Chukulia kuna mtungi wa pombe, na mirija michache."

Wakuu, kifua kilipata moto. Maneno yale nayajua ni ya nani.

Turudi nyuma, miaka ile ya wakimbizi.

Mimi kwetu ni Nyantakara, Msukuma niliyezaliwa Biharamulo. Nilikuwa nasomea maabara kwenye kichuo kimoja cha masista maeneo ya Rulenge, Ngara. Sitakitaja. Barabara nzima ilikuwa malori ya misaada na vumbi jekundu, na kila mwenye cheti alikuwa anakimbilia kazi kwenye mashirika kambini. Mwalimu wetu wa biochemistry naye akaondoka, tukabaki tunaangaliana.

Sista mkuu akatuletea kijana kutoka kambini. Mrundi, jina lake Deo. Vita vilimkuta chuo kikuu kwao, akaacha vitabu akakimbia. Rika letu kabisa, lakini tukaambiwa tumwite Mwalimu.

Darasani kulikuwa na binti anaitwa Spesioza, Mhangaza, wenyeji wa palepale Ngara. Huyu ndiye mama Neema wa leo. Nilikuwa nimeshamweka moyoni zamani, nasubiri tu ujasiri.

Sasa asiyeijua Ngara nimwambie kitu. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu mno, wanasikilizana bila mkalimani. Deo akitania kwa lugha yake, nusu ya darasa inacheka, na Spesioza anacheka kuliko wote. Mimi na Kisukuma changu nimekaa nyuma nimenuna. Nikiuliza wanacheka nini, naambiwa ukitafsiri hakichekeshi.

Jamani, wivu wa kutoelewa utani ni mbaya. Unajitungia mwenyewe tafsiri, na yako siku zote ndiyo chungu zaidi.

Na jamaa alikuwa anajua kufundisha, Mungu anisamehe. Alisema enzyme ni mirija kwenye mtungi wa pombe ya ndizi. Substrate ni wanywaji. Wanywaji wakiwa wachache, ukiongeza watu pombe inapungua haraka zaidi. Mirija yote ikishapata midomo, hiyo ndiyo Vmax, wengine wanasubiri zamu. Km ni idadi ya wanywaji inayokupa nusu ya ile speed kubwa.

Inhibitor wa kwanza ni mtu anayeshika mrija halafu hanywi, anapiga stori tu. Huyo ni mshindani, competitive. Dawa yake ni kuleta wanywaji wengi, watamzidi nguvu, na Vmax utaifikia.

Wa pili hagombei mdomo wa mrija. Anaubana katikati kwa vidole. Huyo non-competitive. Leta kijiji kizima, mrija uliobanwa hautoi kitu.

Basi siku moja akaandika swali ubaoni. Vmax 100, Km 4, inhibitor 6, Ki yake (kipimo cha ukali wake) 3, speed iliyopimwa 25, substrate ni kiasi gani? Chini yake akachora kijedwali cha vipimo, kisha akauliza nani aje.

Nikaona leo ndiyo leo. Nikatoka nyuma kifua mbele, hata jedwali sikulitazama. Moja jumlisha sita gawa kwa tatu, nikapata 3. Nikazidisha Km kwa hiyo 3, ikawa 12. Ishirini na tano mara 12 ni 300, gawa kwa 75, yaani mia toa 25, jibu 4. Nikapiga mstari chini mara mbili na kumwangalia Spesioza.

Spesioza akanyoosha mkono. Akasema kwenye jedwali substrate inaongezwa na kuongezwa, lakini speed imegota kwenye 33. Kwa hiyo huyu si mshindani. Ile 3 haizidishi Km, inagawa Vmax. Mia gawa kwa tatu ni 33.3, toa 25 inabaki 8.3. Ishirini na tano mara 4 ni 100, gawa kwa hiyo 8.3, jibu 12.

Deo akasema ni sahihi. Mimi akanipa pole, tena kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza. Siku zile kichwani mwangu kulikuwa na aina moja tu ya inhibitor, yule wa kushindana naye.

Nikaamua kushindana kweli. Nikienda kwetu narudi na asali ya porini na michembe ya mama, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vyote kwa Spesioza. Anapokea kwa mikono miwili, anashukuru vizuri sana. Wakati wa mapumziko namwona Deo anatafuna michembe. Michembe ya mama yangu!

Kisha baba yake Spesioza akaalika darasa nyumbani, alikuwa ameivisha mtungi wa pombe. Nikasema shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti kizuri. Halafu nikaletewa pombe kwenye glasi. Deo akapewa mrija, akainama na wazee mtungini. Kwenye nyumba ile mgeni wa heshima anawekewa glasi, mtu wa nyumbani anapewa mrija. Nilikunywa ile heshima yangu peke yangu pembeni, chungu kama shubiri.

Mara mzee akamuuliza Deo jambo kwa lugha yao. Wazee wakaacha mirija. Deo akajibu maneno machache, macho chini. Moyoni nikasema haya, posa hiyo, nimekwisha.

Wakati wa kuondoka nikamuuliza Spesioza walikuwa wanasema nini. Akaniambia: "Baba kamuuliza kuhusu mke wake. Walipotezana wakati wa kuvuka mpaka. Hajui yuko kambi gani."

Wakuu, nilifurahi. Mtu amepoteza mke, na mimi nikatembea naimba mpaka bwenini.

Nikaanza kumwombea yule mama apatikane. Sijawahi kumwombea mtu kwa bidii namna ile, hata wazazi wangu. Na Mungu akasikia. Akaja mtu kutoka kambi za upande wa Kibondo, akasema amemwona na yuko hai. Deo akaaga darasa, akatushika mikono mmoja mmoja. Wangu aliushika muda mrefu, akaniambia asante kwa michembe, imenikumbusha nyumbani. Nilikuwa natafuta kosa lake nimchukie vizuri, nikalikosa.

Spesioza hakuonekana darasani siku kadhaa. Alipokuja macho yalikuwa yamevimba, akasema ni malaria. Mimi ni mtu wa maabara, darubini ilikuwa pale mezani. Sikumpima.

Baada ya muda alinikubali, tukaoana, maisha yakaenda vizuri. Ni mke mwema, hilo nalisema mbele ya wote. Lakini kuna vicheko vyake ambavyo nilivisikia darasani kule na sijawahi kuvisikia kwangu. Nimeongeza kila kinachoongezeka: nyumba, duka, safari. Kuna mahali panagota. Mshindani mwenyewe hayupo miaka yote hii, hata namba yake ya simu hatuna.

Sasa Jumapili alipomaliza kumwelekeza Neema, alikuwa anatabasamu peke yake jikoni huku anamenya ndizi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, hivi Deo asingekuwa na mke, ungefanyaje?

Hakushtuka wala hakuacha kumenya.

"Ningeenda naye, Baba Neema. Hata kambini ningeenda."

Nikauliza, na mimi je?

Akasema, "Wewe ulijua, na bado ukanioa. Nilidhani hilo tulishalimaliza." Akaweka sufuria motoni, akaniuliza aweke nyama au maharage.

Nilisema maharage. Tumekula. Neema amepiga simu kesho yake, test imeenda vizuri, anamshukuru mama.

Nilichojifunza: usimuulize mwenzako swali la zamani kama huna kifua cha kubeba jibu la kweli. Mimi nilidhani ninacho.

Mliooa mtu aliyewahi kumpenda mwingine, na huyo mwingine hakuwa hata na ubaya wa kumchukia, mnaishije? Karibuni mseme. Wa kutukana wapite tu, yangu yananitosha.